Ndoo ya Mkalimani

Kila siku ya kazi Mkalimani alivaa tai, ingawa hakuna aliyemwona. Kazi aliifanyia chumbani, kwenye fleti yao ya ghorofa ya chini huko Mount Druitt, viungani mwa Sydney, simu ikiwa mezani na mlango umefungwa. Waliokuwa upande wa pili wa laini, awe daktari, karani wa ofisi ya nyumba au mama wa Kirundi anayelia, walimjua kwa sauti tu. Siku nilipomuuliza tai hiyo anamvalia nani, alinijibu kwamba sauti inajua kama mwenye nayo amevaa au hakuvaa. Nilicheka sana. Siku hizi na mimi huvaa viatu kabla ya kupokea simu ya kwanza, humu humu ndani ya chumba changu cha kupanga Kensington, karibu na katikati ya mji, na sijamwambia mtu.

Jina alikuwa nalo, ila simkumbuki mtu aliyelitumia. Wakongomani wenzake wa kanisani walimwita Papa Mkalimani. Mimi Mtanzania nilimwita Mzee, naye alilalamika kwamba namzeesha kabla ya wakati. Sasa amekwisha kwenda, na kulalamika hakuna tena, na ningetoa mengi niyasikie yale malalamiko mara moja.

Kitu cha kwanza kilichonifanya nisimpende kilikuwa neno pole. Hakulisema kazini, hata mara moja. Mtu anaambiwa mtoto wake hatatembea, Mkalimani anafikisha maneno yote kama yalivyo, kisha ananyamaza. Pole hasemi, kwa sababu daktari hakuisema. Sisi tumelelewa kumpa pole hata mtu aliyejikwaa barabarani tusiyemjua, kwa hiyo nilimwona mtu mkavu, roho ya jiwe. Halafu siku moja nikiwa sebuleni kwao nikimsubiri, nilisikia kupitia mlangoni anamaliza simu. Alitaja nambari yake ya ukalimani, akaaga kwa Kiingereza, laini ikakatika. Kisha nikamsikia akisema peke yake, polepole, kwa ile sauti ya msibani, "Pole, mama. Pole sana." Alikuwa anaiambia simu iliyokatika. Akatoka akauliza kama chai imeiva.

Chai yake ilikuwa ya tangawizi kali hadi inawasha masikio. Akiwa nayo mkononi ndipo alipotoa mafundisho, na mafundisho yenyewe yalikuwa moja. Mkalimani, alisema, ni mchota maji. Umetumwa kisimani na mtu, umebeba ndoo ya mtu, unampelekea mtu. "Maji si yako," alisema. "Usiongeze, usipunguze, usionje." Mwanafunzi akifasiri vizuri hakumwambia vizuri. Alimwambia, "Hakuna kilichomwagika," na hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote. Mimi nilikaa miezi mitano bila kuipata.

Alikuwa anatufundisha Jumamosi, sisi tuliotaka kufanya mtihani wa ukalimani, kwenye ukumbi wa kanisa uliokuwa na harufu ya mkeka mpya. Nilipanda treni kutoka mjini, zaidi ya saa nzima, nikiwa nimechoka na kazi ya jikoni hotelini. Tulianza wanafunzi tisa tukabaki watatu. Mazoezi yalikuwa hivi: yeye anakuwa daktari, anasema Kiingereza, mwanafunzi anafasiri, na mgonjwa ni mkewe.

Mkewe Kiingereza hakijui, au tuseme anajua cha dukani na cha basi. Lakini kuigiza ugonjwa, hakuna mfano wake. Jumamosi moja ana sukari, Jumamosi nyingine figo, nyingine amepoteza mimba akiwa na miaka sitini na moja, na sote tunajikaza tusicheke. Akiambiwa habari mbaya analia machozi ya kweli, anapiga paja, anamwita mama yake. Kisha mazoezi yakiisha anajifuta kwa kitenge na kutugawia maandazi. "Huyu docteur iko mubaya," alikuwa akituambia, akimwonyesha mumewe kwa kidole. "Ananiuwa kila Samedi." Nadhani zilikuwa siku zake za furaha kupita zote tangu afike Sydney.

Nami nilijifunzia kwake. Nilimwambia yule mama mara nyingi, kwenye ukumbi ule, kwamba hatapona. Mwanzoni sikuweza kulisema sawasawa. Nilizunguka, nikapaka asali, nikaweka "labda" mahali ambapo hapakuwa na labda. Kwetu habari ya kifo haisemwi hivihivi, inapewa kiti kwanza, inapewa maji. Mkalimani aliniacha nimalize, kisha akaniambia nimemwaga nusu ndoo njiani, nirudie.

Mtihani nilifaulu. Tabia haikuisha. Mwezi wa pili wa kazi nilipata simu ya mzee mmoja ambaye daktari alimwambia kwamba dawa zimeshindwa na zimebaki wiki, si miezi. Mimi nikamwambia hali si nzuri sana, tumwachie Mungu. Daktari Mungu hakumtaja. Mzee akashukuru. Nilimsikia akisema pale pale kwamba basi atamwambia mwanawe, aliyekuwa mji mwingine, asihangaike kuja mwezi huu. Hilo nalo nikalifasiri, nikakata simu, na usingizi ukanikataa siku tatu.

Nilikwenda kumweleza Mkalimani bila kutaja jina wala mahali, kama kanuni inavyotaka. Nilitegemea anigombeze. Aliweka kikombe chini.

"Njo wewe ulikuwa na kiu," akasema, na njo yao ni ndiye yetu. "Ukakunywa maji ya muntu."

Ningependa kusema nilimshukuru. Nilinuna nikarudi zangu Kensington, na wiki nzima sikumpigia. Alikuwa na haki, na mtu mwenye haki anaudhi kuliko mwenye makosa.

Watu wa Mount Druitt walisema anajivuna. Sababu naijua. Alikuwa amebeba siri za nusu ya kanisa: nani ana virusi, mume wa nani amefukuzwa na mahakama, mtoto wa nani alijaribu kujidhuru. Kwa hiyo akikutana nao mlangoni mwa kanisa aliwasalimia wote kwa namna moja, salamu fupi, kama watu anaowaona mara ya kwanza. Mtu umemlilia kwenye simu Alhamisi, Jumapili anakuuliza tu kama treni zilichelewa. Wengine waliona ni dharau. Hakujitetea kamwe, kwa kuwa hata kujitetea kungekuwa kuonja maji.

Lakini hakuwa mtakatifu, na sitaki aonekane hivyo. Alikuwa mbishi. Kiswahili changu alikiita cha redio, na Kiswahili cha vijana wa Nairobi alidai kinampa homa. Alikula mkate wake kwa Kiingereza siku nzima, ila watoto wa kanisani wakimjibu kwa Kiingereza alijifanya kiziwi, anageuza sikio na kusema "Eh?" mpaka mtoto atapike maneno mawili ya Kiswahili. Na alikuwa mwoga wa sindano kama mtoto mchanga, yeye aliyewafasiria watu upasuaji wa kila aina.

Ugonjwa ulimwingia kama mgeni asiyebisha hodi. Kikohozi kikavu kwanza, kisha ngazi za kituo cha treni zikawa ndefu. Mapafu yake yalikuwa yanageuka makovu, yanakakamaa, hayatanuki tena, na madaktari walimwambia wazi kwamba chanzo hawakijui na kurudi nyuma hayarudi. Akaletewa mashine ya oksijeni. Aliiweka kwenye ukumbi mwembamba wa fleti, mbali na simu, ili mngurumo wake usisikike kazini, na mrija mrefu ukapita chini ya mlango hadi puani kwake. Tai ilikaa shingoni, mrija juu yake. Mkewe aliuruka mrija ule mara mia kwa siku akiwa na masufuria mkononi, na sikumwona akiukanyaga.

Alifanya kazi hivyo karibu mwaka. Alijifunza kukata sentensi, kuvuta pumzi pale daktari anapovuta. Wateja walidhani ni heshima yake tu, mtu anayesema taratibu. Akitaka kukohoa alibonyeza kitufe cha kuzima sauti, anakohoa hadi macho yanatoka maji, kisha anakibonyeza tena na kuendelea kama hakuna kitu. Kilichomwachisha kazi ni mama mmoja mgonjwa wa moyo, aliyemsikiliza kidogo akamkatiza. "Papa," akamwuliza, "hapa mugonjwa ni wewe ama ni mimi?" Kanuni ni kanuni. Alimfasiria daktari swali hilo kwa Kiingereza, akasubiri jibu. Jioni ile aliwaandikia wakala kwamba anapumzika. Hakupokea simu ya kazi tena, ila tai aliendelea kuivaa.

Baada ya vipimo vya miezi, hospitali ikamwingiza kwenye orodha ya wanaosubiri kupandikizwa mapafu. Sijawahi kuona kusubiri kwa namna ile. Simu isizimwe. Asiende mbali na mji. Asikonde, kwa kuwa mwembamba sana hawezi kupasuliwa, na asinenepe. Atembee kila siku hata kama ni kutoka kitandani hadi jikoni mara ishirini. Na awepo mtu mmoja wa kuwa naye mchana na usiku, kabla na baada, asiyeondoka. Mtu huyo ni mkewe. Alishona kipochi cha kitenge akaitia simu ya mumewe, akaining'iniza shingoni mwake mwenyewe, akaenda nayo hadi bafuni. Mlangoni akaweka begi la bluu: pijama mpya, sabuni, kandambili, Biblia, chaja. Kila Ijumaa alilifungua, akaipiga pasi pijama, akalifunga tena.

Ukaja msimu wa kuchoma misitu makusudi kabla ya kiangazi, ili isije kulipuka yenyewe, moshi ukalala juu ya vitongoji vya magharibi siku nne mfululizo, na yeye akakaa nyuma ya madirisha yaliyozibwa kwa taulo zilizoloweshwa. Mkewe alimpikia sombe, kisamvu cha kwao, yenye mawese mengi ili aongeze uzito. Alikula vijiko sita, akapumzika, akala viwili. Kula kulikuwa kumekuwa kazi ya kupanda mlima.

Mara moja waliitwa. Ilikuwa saa nane mchana, nambari iliyofichwa, wakaacha sahani mezani. Hospitalini alivishwa, akapimwa, wakasubiri kwa muda wa saa tisa kwenye chumba kidogo. Kisha daktari akaja kusema mapafu yale yamekaguliwa na hayafai. Mkalimani alimgeukia mkewe akamfasiria kwa maneno mawili: "Si yetu." Walirudi nyumbani, sahani zilikuwa bado zipo, na mkewe akalipanga begi upya kabla hajavua viatu.

Baada ya hapo kina mama wa kanisa walikuja kuomba. Nilikuwepo. Mchungaji alipaza sauti, Bwana mpe mapafu mapya, mpe leo, leo hii. Mkalimani akainua mkono kama mwanafunzi darasani. Maombi yakakatika, kitu ambacho sijakiona tena.

"Leo hii," akauliza, "ni mutoto wa nani?"

Hawakumwelewa. Ikabidi aeleze, kwa pumzi zake fupi, kwamba mapafu hayashuki kutoka mbinguni. Kuna mtu sasa hivi anavaa helmeti apande pikipiki, na ana mama. Anayetaka kuomba aombe pumzi, bila kuweka siku. Mchungaji, ambaye ni mtu mwema, aliomba pumzi. Mama mmoja alininong'oneza wakati wa kutoka kwamba Papa imani imemwishia. Mimi nilirudi na treni nikiwatazama abiria mmoja mmoja, vifua vyao vikipanda na kushuka, na nilijisikia mchawi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizunguka, tabia yangu ile ile.

Binti yao mmoja yuko Adelaide, mbali kwa ndege, na alikuwa na mimba ya kwanza. Kwao kama kwetu, binti akijifungua mara ya kwanza mama mzazi huenda. Anamkanda, anampikia uji, anamwogesha mtoto hadi kitovu kidondoke. Tiketi ilishanunuliwa na binti. Mkewe Mkalimani aliikataa. Alimwambia binti kwamba simu ya hospitali inaweza kulia wakati wowote, na yeye ndiye mtu asiyeondoka. Alilisema hilo akiwa ameshika kipochi kifuani, na alilisema bila kulalamika, lakini nilimwona akikunja vitambaa vya mtoto alivyoshona na kuvirudisha kabatini.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa mezani kwao. Mkalimani alikwenda chooni, safari ya dakika kumi na mrija wake. Mbele yangu kulikuwa na sufuria ya maharage, na chini ya sufuria, ili meza isiungue, mkewe alikuwa ameweka barua. Niliona nembo ya hospitali. Nikaivuta kidogo. Kusoma barua ya mtu ni aibu, naijua, na nilisoma yote. Ilisema timu imekutana na imemwondoa kwenye orodha. Uzito umeshuka mno na mwili hauwezi tena kustahimili upasuaji. Wataendelea kumpa huduma ya kupunguza mateso. Tarehe yake ilikuwa ya wiki saba nyuma.

Mkewe alikuwa jikoni anaimba. Ilikuwa Ijumaa, na ubao wa pasi ulikuwa umesimamishwa.

Mkalimani alirudi akakuta nimeshika barua. Hakukasirika. Alikaa, akasubiri pumzi imrudie. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba hospitali walitaka kumletea mkewe mkalimani siku ile ya uamuzi, naye akawaambia hakuna haja, atamfasiria mwenyewe. Na alimfasiria. Alimwambia daktari anasema tuendelee kusubiri.

"Mzee," nikamwambia, "hapa umemwaga ndoo nzima."

"Nyumbani miye si mkalimani," akasema. "Nyumbani miye ni bwana yake."

Kwamba lile begi ndilo linalomwamsha mkewe asubuhi, alisema. Kwamba akiliondoa mlangoni, mkewe ataamkia nini? Hasira ilinipanda. Nilimkumbusha mzee yule niliyemnywea maji, na mwanawe. Nilimwambia binti yake anakwenda kuzaa bila mama kwa ajili ya begi lisilokwenda popote. Waswahili wanasema mganga hajigangi, na pia wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilimtupia zote mbili, bila adabu. Alifumba macho. Mkewe akaingia na chai, nami nikanywa chai ya mtu ninayemficha habari yake mwenyewe. Niliondoka bila kusema kitu. Kwa hiyo na mimi nilionja.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Mkewe alimwona akiogeshwa kwenye skrini ya simu, na alimfundisha binti kwa kupiga kelele namna ya kushika shingo. Siku mbili baadaye Mkalimani alinipigia. Hakutaja mtoto. Aliniuliza nambari yangu ya ukalimani ni ngapi. Nikamtajia, nikidhani ni fomu za wanafunzi wake.

Jumanne, saa nne asubuhi, wakala wakaniunganisha na kliniki ya mapafu. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alisema mgonjwa mwenyewe anajua Kiingereza, ila ameomba kikao kwa ajili ya mke wake, na ameomba mkalimani mwenye nambari hii. Nyuma yake nikasikia mtungi wa oksijeni ukitoa pumzi zake za tss, tss. Nikatangaza kama nilivyofunzwa kwamba familia hii naifahamu, na kwamba wanaweza kuomba mtu mwingine. Mkalimani akajibu kwa Kiingereza chake safi kwamba wanajua, na wanamtaka huyu. Nikatazama chini. Nilikuwa nimevaa viatu, namshukuru Mungu.

Daktari akaanza. Akasema mume wako hayuko tena kwenye orodha. Nikasema: "Mume wako hayuko tena kwenye orodha." Akasema mwili wake hauwezi upasuaji, hakutakuwa na mapafu mapya. Nikasema. Akasema tunadhani imebaki miezi, si mingi. Sikuweka labda. Sikuweka Mungu. Nikasema: "Tunadhani imebaki miezi, si mingi."

Kisha nikamsikia mkewe akikisogelea kipaza sauti.

"Mwana wangu? Njo wewe?" Sauti yake ilikuwa na kicheko kidogo ndani. "Hii ni ile mazoezi yetu ya Samedi?"

Kila kinachosemwa kinafasiriwa. Nikamgeuzia daktari kwa Kiingereza, yote, pamoja na mwanangu, pamoja na Jumamosi.

"Hapana," akasema daktari. "Si mazoezi."

"Hapana," nikasema. "Si mazoezi."

Yeye aliyekuwa akilia vizuri kuliko sote kwenye ule ukumbi hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: tangu lini. Daktari akataja, nami nikataja, wiki tisa. Nikasikia kipochi kinafunguliwa, ile zipu yake ndogo, na simu inawekwa juu ya meza. Mwishoni daktari akasema anasikitika sana, kwa hiyo nikaruhusiwa kusema pole, kwa kinywa cha daktari. Kabla laini haijakatwa Mkalimani alisema kwa Kiswahili, akivuta pumzi katikati, "Hakuna kilichomwagika." Na hilo nalo nililifasiri, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Daktari akauliza ni kitu gani kilichomwagika, na hakuna aliyemjibu.

Nilikata simu, nikaiambia pole, nikalia mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akagonga.

Jumamosi nilikwenda Mount Druitt nikiwa na hofu ya kufukuzwa. Mkewe alinifungulia, akanikumbatia, akanikalisha. Begi la bluu lilikuwa pale pale mlangoni, limetuna zaidi. Vitambaa vya mtoto vilikuwa vimechungulia kwenye zipu. Mkalimani alikuwa kwenye kiti chake amevaa ile pijama mpya, mistari ya pasi bado imekaa mikononi. Hakuwa na tai. Nilikuwa sijawahi kuiona shingo yake, na ilikuwa imekonda hadi nikatazama pembeni.

Mkewe hakuwa anasema naye. Siku ya nne hiyo. Alimlisha, akamwogesha, akampa dawa, bila neno. Sasa alikaa kando yangu akamwonyesha kwa kidevu, mita mbili kutoka pale, mtu anayesikia kila kitu.

"Mwambie huyu muzee," akaniambia, "miye sikasirike juu ya mapafu."

Nikamgeukia Mkalimani. "Mama anasema kwamba..."

Akainua kidole. Alikuwa ananisahihisha, hata hapo. Mkalimani hasemi fulani anasema, anasema mimi. Nikaanza upya. "Mimi sikukasirika kwa sababu ya mapafu."

"Nilipiga pasi pijama ya safari, kila vendredi, na yeye alijua hakuna safari. Alikuwa ananiangalia tu."

Nikasema hivyo. Vendredi yake nikaifanya Ijumaa, pijama nikaiacha pijama.

Mkalimani akavuta pumzi mara tatu. "Mwambie niliogopa."

"Niliogopa," nikamwambia mkewe.

"Mwambie na miye nilikuwa naogopa. Lakini miye nilimwambia."

Nikafikisha. Mashine ilinguruma ukumbini. Mkewe akasema kwamba Jumatatu anakwenda Adelaide, siku kumi, kina mama wa kanisa watakaa na huyu kwa zamu, sombe iko kwenye friza. Kisha akasema, akitazama mikono yake, kwamba nimwambie asife mbele yeye arudi. Sikujua kama nina haki ya kuyabeba maneno hayo. Nikayabeba. "Usife kabla sijarudi," nikamwambia Mkalimani, nikimtazama usoni.

Alitikisa kichwa kukubali. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alitaka kusema kitu kirefu, nilikiona kikipanda, na pumzi ikakikataa. Akajaribu tena. Akaacha. Akakusanya alichobaki nacho.

"Mwambie," akasema. "Pole."

Nikamgeukia mkewe. "Pole," nikasema, wala sikuongeza neno.